ALIYEKWENDA KUJIFUNZA ARUDI AFUNDISHE

Kila mwaka vijana wetu wenye kazi zao, wauguzi, walimu, mafundi, wanamuziki na maofisa wa serikali, huaga jamaa zao na kusafiri nchi za nje kwa mipango ya kubadilishana ujuzi na utamaduni. Wengine hukaa huko wiki chache, wengine mwaka mzima. Wenyeji wao nao hutuletea vijana wa rika lao, wakae nasi, wafanye kazi pamoja nasi na wajifunze lugha na mila zetu. Ni jambo jema, na hapana shaka kwamba visiwa vilivyokuzwa na bahari na biashara haviwezi kuona ajabu mtu kwenda ng'ambo kutafuta elimu.

Hata hivyo liko suala moja ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaostahiki. Kijana anapoondoka watu huuliza: anakwenda wapi, atakaa muda gani, amepewa masurufu kiasi gani? Ni wachache mno wanaouliza: atakaporudi atakaa kwenye meza gani, atafanya kazi gani, na atamfundisha nani? Sisi tunaamini kwamba suala hili la mwisho ndilo lililopasa kuwa la kwanza. Ndilo linalotenga safari yenye manufaa kwa umma na matembezi ya mtu mmoja. Wazee waliposema kwamba mtembezi hula miguu yake, walikuwa wakimsema mtu aendaye bila ya shabaha.

Historia yetu wenyewe inatosha kutufundisha. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisafiri mpaka Hadhramaut na Istanbul kutafuta elimu. Aliporejea Unguja alikalia kiti cha ukadhi na akasomesha, na hata baada ya kufariki kwake mwaka 1925 elimu ile iliendelea kutembea katika vifua vya wanafunzi wake. Faida ya safari yake haikubaki kwake peke yake.

Mfano wa pili ni wa muziki. Katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, historia ya taarab inatueleza kwamba Mohamed Ibrahim alipelekwa Misri kujifunza kupiga kanuni. Aliporudi alifundisha wengine, na kikundi kikaundwa. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa. Baadaye akatokea Siti binti Saad, akaimba kwa Kiswahili yale yaliyozoeleka kuimbwa kwa Kiarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Lililoanza kuwa funzo la mtu mmoja katika nchi ya kigeni limekuwa mali ya wananchi wote, na leo wageni huja hapa kujifunza taarab katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002.

Inafaa tuizingatie safari ile ya Misri kwa jicho la mtendaji wa leo. Mtu yule alipelekwa kwa jambo moja lililojulikana kabla hajapanda chombo. Aliporudi palikuwa na mahali pa kuutumia ujuzi wake. Na tatu, walikuwepo watu waliokuwa tayari kuupokea. Mambo matatu hayo yalipokutana, ujuzi uliota mizizi. Likikosekana moja, msafiri hurudi na hadithi tu za miji mikubwa aliyoiona.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 milango mingine ilifunguka. Vijana wetu walikwenda kusoma katika Jamhuri ya Kidemokrasi ya Ujerumani, Urusi ya Kisovieti, Uchina na kwengineko, na wataalamu wa nchi hizo nao walikuja kwetu. Nyumba za Kikwajuni, na ramani ya mji ya mwaka 1968 iliyozaa majumba ya Michenzani, ni kumbukumbu za ushirikiano wetu na Wajerumani wa Mashariki. Madaktari wa Kichina walianza kuja mwaka ule ule wa 1964, na jimbo la Jiangsu limekuwa likiwaleta kwa zamu. Ujerumani ya Mashariki haipo tena tangu 1990, lakini urafiki haukufa, kwani mwaka 2017 mji wa Zanzibar uliingia katika ushirikiano na mji wa Potsdam, ambao zamani ulikuwa ndani ya nchi ile.

Miaka hiyo nayo inatupa funzo. Jengo husimama hata baada ya mjenzi wake kuondoka, lakini jengo haliwezi kujitia viraka lenyewe. Daktari mgeni hutibu wagonjwa wengi katika muda wa zamu yake, lakini zamu ikimalizika huondoka na mikono yake. Kinachobaki ni kile alichomwachia muuguzi na daktari mwenyeji aliyesimama ubavuni mwake. Kwa hiyo msaada wa mgeni na safari ya mwenyeji vina kipimo kimoja: ni watu wangapi waliobaki na ujuzi?

Jambo la kufurahisha ni kwamba wenye mipango hii huko nje nao wamelifikia wazo hilo hilo. Norway iliunda shirika lake la Fredskorpset mwaka 1963 ili kupeleka vijana wake katika nchi zinazoendelea. Safari ilikuwa ya upande mmoja: wao waende, sisi tupokee. Kuanzia mwaka 2000 utaratibu ukabadilishwa, zikawa taasisi mbili za nchi mbili zinazobadilishana wafanyakazi wao, kila mmoja akitoka katika kazi yake na kutarajiwa kurudi katika kazi yake. Mwaka 2018 shirika hilo lilipewa jina la Norec. Chini ya mpango huo Hospitali ya Mnazi Mmoja na Hospitali ya Haukeland ya mji wa Bergen zilibadilishana watumishi wa afya.

Chama cha Rotary nacho kilianza mwaka 1965 kupeleka nje makundi madogo ya vijana wenye taaluma, kwa kawaida wanne pamoja na kiongozi wao, wakakae wiki nne hadi sita, waone wenzao wanavyofanya kazi na walale katika nyumba za wenyeji. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2013, na mahali pake pakachukuliwa na timu za mafunzo ya kazi, ambazo huenda kufundisha au kufundishwa jambo maalumu. Kwa maneno mengine, wale waliokuwa wakigharimia safari za kwenda kutazama waliona kwamba kutazama pekee hakutoshi.

Tuseme waziwazi ni kitu gani hasa kijana hujifunza huko. Wengi hudhani kwamba ni mitambo. Mitambo ipo, lakini mingi huwezi kurudi nayo, na ukirudi nayo huwezi kupata vipuri vyake. Kilicho kikubwa zaidi ni nidhamu ya kazi: muuguzi wa zamu ya usiku asiyeondoka mpaka amemweleza wa asubuhi hali ya kila mgonjwa, fundi anayeandika katika daftari siku aliyotia mafuta na siku anayopaswa kutia tena, mkubwa wa kazi anayekubali kuulizwa na mdogo wake bila ya kuona amevunjiwa heshima. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi za kigeni. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haikupasa twende Ulaya ndipo tukumbushwe.

Wala isidhaniwe kwamba sisi ni wa kupokea tu. Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na uhaba wa mashine za kutunzia watoto njiti. Akaamua mama ambebe mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, ili mwili wa mama uwe ndio joto la mtoto. Njia hiyo iliyozaliwa na ufukara leo inatumika hata katika hospitali za nchi tajiri, zisizopungukiwa na mashine. Kijana wa Kizungu anayekuja kufanya kazi katika wodi zetu hujifunza namna ya kufikiri pale ambapo kifaa hakipo, na namna jamaa wa mgonjwa wanavyokuwa sehemu ya matibabu yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na sisi tunaongeza kwamba mgeni naye hupona.

Sasa tuje kwenye kasoro. Tunamfahamu fundi mmoja wa vifaa vya hospitali aliyepelekwa nje muda wa miezi mingi, akajifunza kutunza na kutengeneza mashine za aina iliyokuwepo kazini kwake. Alirudi na hati yake na daftari lililojaa michoro. Alipofika alikuta mkuu aliyempeleka amehamishwa, na mkuu mpya hakuwa na habari ya safari yake. Akapangiwa kuandika barua na kugawa vifaa vya ofisi. Mashine aliyokwenda kujifunza iliharibika, ikafunikwa shuka, na fundi akaagizwa kutoka nje ya visiwa kuja kuitazama, huku yeye akiwa chumba cha pili. Baada ya miaka miwili aliacha kazi, na leo anatengeneza mafriji katika hoteli za watalii, kazi anayoifanya kwa ufundi na kwa furaha. Hatumlaumu. Kilichopotea hapo ni haki ya wagonjwa.

Habari ya namna hii ndiyo inayotusukuma kuandika. Ni rahisi kuwalaumu vijana wasiorudi, au wanaorudi wakaondoka tena, kwamba hawana uzalendo. Wapo wa aina hiyo, na aliyesafiri kwa dhamana ya ofisi yake akaivunja makusudi hana utetezi mbele yetu. Lakini tuwe waadilifu. Mtu hukaa pale anapohisi kwamba anahitajiwa. Tukimrudisha kijana kwenye meza isiyo na kazi, tumemwonyesha mlango kwa mikono yetu wenyewe.

Kasoro nyengine ni uteuzi. Nafasi ya kusafiri ikitolewa kama zawadi kwa mtu aliye karibu na mkubwa, au kama tunza ya mtu anayekaribia kustaafu, faida yake haivuki kizingiti cha nyumba ya aliyesafiri. Aidha, nafasi zikibaki mjini tu, kijana wa Wete au Makunduchi hujua habari zake baada ya ndege kuondoka. Na zaidi ya hayo, bado wako wazazi wanaozuia mabinti zao kwenda, hata pale ambapo safari ina mwenyeji anayejulikana, makaazi ya heshima na wenziwe wa kufuatana nao. Khofu ya mzazi tunaiheshimu. Lakini wodi zetu za wazazi zinahitaji wanawake wenye ujuzi, na ujuzi huo wakati mwingine uko mbali.

Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo. Kwa wakuu wa idara: asiondoke mtu mpaka iwe imeandikwa katika jalada lake, kwa sentensi zinazofahamika, anakwenda kujifunza nini, atarudi katika nafasi gani na atawafundisha akina nani. Karatasi hiyo ibaki ofisini, hata mkuu akihamishwa, ili anayekuja aikute. Nafasi zitangazwe Unguja na Pemba kwa muda wa kutosha. Na msafiri anaporudi apewe, ndani ya mwezi wake wa kwanza, siku maalumu za kuwasomesha wenzake, kwani ujuzi usipotumika mapema hupoa kama chai.

Kwa vijana wenyewe: nendeni mkiwa mnajijua. Mtu asiyeweza kueleza kwao kunapikwa nini, kunasaliwa vipi na kunaimbwa nini hana cha kubadilishana. Yeye ni mnunuzi tu sokoni. Jifunzeni lugha ya wenyeji wenu, shikeni saa yao, na msione haya kuuliza. Mkirudi, msianze kila sentensi kwa kusema “kule tulikokuwa”. Mwenzako aliyebaki ndiye aliyeshika kazi yako ulipokuwa haupo, na yeye ana mengi ya kukufundisha kuhusu kazi hiyo.

Na kwa wananchi: kijana akirudi, tusimpime kwa masanduku aliyoteremka nayo. Tumuulize amejua nini, na tumdai atuonyeshe. Elimu bila amali, walitwambia walimu wetu wa chuoni, ni kama mti usiozaa. Nchi inaweza kupeleka nje vijana mia na ikabaki vile vile. Nyengine ikapeleka mmoja na ikapata taarab. Tofauti yao iko kwa waliobaki nyumbani, na namna walivyojiandaa kumpokea anayerudi.