Tarakilishi ikikataa kuwaka, okoa faili kwanza

NI asubuhi mjini Busia. Malori yamepanga foleni kuelekea Uganda na wakala wa forodha anawasha tarakilishi ili aandae hati za mzigo wa mteja. Kiwambo kinabaki cheusi. Ankara za miezi kadhaa, orodha ya wadeni na barua za wateja, zote zimo humo.

Hati alizokwisha kuwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) zimo katika mfumo wa mamlaka hiyo. Zake binafsi hazina pengine pa kupatikana. Isitoshe, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara kutunza rekodi zake kwa miaka 5.

Kosa kubwa hufanyika katika saa ya kwanza. Mwenye mashine hukimbia kwa fundi, naye fundi, kwa nia njema, huifuta diski kuu na kuweka programu endeshi upya. Mashine huwaka, lakini kazi ya miaka huwa imetoweka.

Yafaa ieleweke kwamba tarakilishi isiyowaka si lazima iwe imepoteza faili. Programu endeshi ni kama mlango wa ghala: unaweza kukwama ilhali magunia yote yamo ndani, salama.

Anza na mambo mepesi. Hakikisha umeme unafika. Jaribu waya na soketi nyingine. Kipakatalishi kichomoe chaja, toa betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja na ujaribu tena.

Ikiwa feni inazunguka lakini kiwambo ni cheusi, au mashine inatoa milio ya kujirudia, huenda kadi ya kumbukumbu imelegea au imeshika vumbi, jambo la kawaida katika ofisi zilizo kando ya barabara ya malori kule Malaba. Zima umeme kabisa, ichomoe, isugue meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha uirudishe hadi ishike.

Ikiwa mashine inawaka lakini saa na tarehe hurudi nyuma kila mara, betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani imekwisha. Hubadilishwa kwa gharama ndogo, na faili haziguswi.

Sasa tega sikio. Diski kuu ya kizamani inayogonga "tak, tak" au kukwaruza imeharibika kimwili. Zima mara moja, wala usijaribu kuiwasha tena na tena, kwani kila jaribio laweza kukwangua sehemu zenye data. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa maalumu, na malipo yao si haba.

Ikiwa hakuna mlio wa ajabu, zipo njia mbili za kuokoa faili. Ya kwanza ni kuitoa diski na kuiunganisha na tarakilishi nyingine kwa waya wa USB. Ya pili ni kuiwasha mashine kwa flashi iliyowekwa programu endeshi ya bure kama vile Ubuntu, ambayo hutumika bila kuwekwa katika diski. Kwa njia zote mbili, nakili faili zako hadi diski ya nje.

Baadhi ya mashine za Windows hufunga diski kwa usimbaji uitwao BitLocker. Hapo utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Bila ufunguo huo, hata fundi stadi hafui dafu.

Kwa faili zilizofutwa, kanuni ni moja: usiandike chochote kipya katika diski hiyo. Faili iliyofutwa hubaki mahali pake hadi nyingine iandikwe juu yake. Programu za bure za TestDisk na PhotoRec huweza kuitafuta, mradi utakachopata ukihifadhi katika diski nyingine. Lakini katika diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka, yaani SSD, kilichofutwa huweza kutoweka kabisa baada ya muda mfupi.

Baada ya kuokoa faili, ndipo urekebishe mashine. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo huleta zenyewe ukurasa wa ukarabati. Jaribu kwanza kukarabati uwashaji, kisha hali salama. Kuweka programu endeshi upya kuwe hatua ya mwisho.

Ukimpelekea fundi, mwambie waziwazi, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba asifute chochote kabla ya kunakili faili.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Umeme unaokatika ghafla na radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria ni maadui wa tarakilishi. Nunua kifaa cha UPS, chomoa waya mvua ya radi inapoanza, na uwe na nakala tatu za kila faili muhimu: moja katika mashine, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu mbali na ofisi, kama vile katika hifadhi ya mtandaoni.

Diski ya nje isikae daima imechomekwa katika mashine. Radi ikipiga, zote mbili zaweza kuungua pamoja.