Muuguzi Akihama, Leseni Je?

Muuguzi akihama Nyamira kwenda Kisii hahitaji leseni nyingine, maana Baraza la Wauguzi la Kenya linasajili kwa nchi nzima. Lakini watoto wetu wengi wako Marekani, na huko kila jimbo lina bodi yake. Binti mwenye leseni ya Minnesota akipata kazi Texas, aombe leseni ya Texas kwanza. Akianza kazi bila hiyo anavunja sheria. Mtihani wa NCLEX harudii, bodi inathibitisha leseni aliyo nayo. Kwa hivyo mkiitwa harambee ya “mtihani wa kuhama”, ulizeni: pesa ni za bodi ama za wakala? Fomu anaweza kujaza mwenyewe. Pesa ya kikundi ni jasho, jameni.