Simuleta na fumbo la ndege zinazoporomoka angani

USIKU wa Juni 1, 2009, ndege ya shirika la Air France aina ya Airbus A330, iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kuelekea Paris, ilianguka katika bahari ya Atlantiki na kuwaua watu wote 228 waliokuwamo. Injini zake zilikuwa zikifanya kazi hadi mwisho. Iweje basi chombo kizima kidondoke kama nazi?

Wengi hudhani ndege huanguka kwa sababu injini zimezima. Katika ajali za aina hii, tatizo huwa kwenye mbawa. Ubawa huinua ndege maadamu hewa inateleza vyema juu ya mgongo wake. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa hubanduka na kani ya kuinua hupungua ghafla. Huko ndiko kushindwa kwa mbawa. Dawa yake ni kushusha pua, na hapo ndipo penye mtihani: nafsi ya binadamu haimwambii kamwe aelekeze chini chombo ambacho tayari kinaanguka.

Katika ndege ya Air France, mirija ya kupimia kasi iliziba kwa barafu kwa muda mfupi na mtambo wa kujiendesha ukajiondoa. Rubani msaidizi akavuta usukani. Ndege ikapanda kutoka futi 35,000 hadi karibu 38,000, kasi ikapungua, mbawa zikashindwa. King'ora cha onyo kililia mfululizo kwa sekunde 54. Kutoka kilele hicho hadi majini zilipita kama dakika tatu na nusu.

Vinasa-data vilipoopolewa Mei 2011 kutoka kina cha karibu mita 3,900, wachunguzi wa Ufaransa waliigiza safari hiyo kwa kompyuta, wakitumia miondoko ile ile ya usukani. Ndege ya kuigiza ilifuata takriban njia iliyofuatwa na ile halisi. Ilibainika kwamba miondoko mingi ya pua ilitokana na mkono wa rubani, wala si dhoruba. Hata hivyo, uigizaji huo uliaminika kwa chini ya dakika moja tu. Baada ya hapo, ndege ilikuwa imevuka mipaka ya vipimo vyote vilivyopatikana katika safari za majaribio.

Upungufu huo ulikuwa pia darasani. Kwa miaka mingi, rubani alifunzwa ndani ya simuleta kutambua dalili za mwanzo tu, aghalabu katika kimo cha chini, na alisifiwa kwa kuongeza nguvu za injini bila kupoteza kimo. Zoezi lilikoma pale pale hatari halisi inapoanzia. Isitoshe, alijua mapema zoezi linalomngoja, mithili ya mtahiniwa aliyekwisha kuona karatasi ya mtihani.

Februari 2009, karibu na mji wa Buffalo nchini Marekani, nahodha wa ndege ya Colgan Air alivuta usukani badala ya kuusukuma, na watu 50 wakafa. Mnamo 2013 mamlaka ya usafiri wa angani ya Marekani, FAA, iliagiza marubani wa ndege za abiria wafunzwe kujinasua mbawa zinaposhindwa kabisa. Mashirika yalipewa hadi Machi 2019, kwa kuwa simuleta zenyewe zilihitaji kwanza kuongezewa data za hali hiyo.

Lakini kuuzoesha mkono kusukuma hakutoshi, na Wakenya wanalijua hilo kwa uchungu. Usiku wa Januari 30, 2000, ndege ya Kenya Airways aina ya Airbus A310, safari nambari KQ431, ilipaa kutoka Abidjan, Ivory Coast. Mara tu magurudumu yalipoacha ardhi, king'ora cha kushindwa kwa mbawa kikalia. Kilikuwa cha uongo, kwani mbawa hazikuwa na tatizo lolote. Rubani msaidizi akatekeleza sehemu ya utaratibu uliokuwapo: akasukuma usukani. Chini yake palikuwa na bahari na giza totoro. Kati ya watu 179 waliokuwamo, 169 waliangamia.

Utaratibu wa wakati huo haukuzungumzia king'ora cha uongo wakati wa kupaa. Wachunguzi walipendekeza kwamba marubani waanze kufunzwa jinsi ya kukabiliana nacho.