Kuyazuia Maji ya Ardhini kwa Nguzo za Saruji

Mhandisi achimbapo shimo la msingi chini ya usawa wa maji ya ardhini hukabiliwa na matatizo mawili. Kwanza, maji hupenya kutoka kando na kulijaza shimo. Pili, maji yaliyo chini huisukuma sakafu ya shimo kuelekea juu. Shimo likifika meta 10 chini ya usawa wa maji, kila meta ya mraba ya sakafu yake yaweza kusukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 10.

Kuyavuta maji kwa pampu peke yake aghalabu hakutoshi. Maji yakipungua ardhini, udongo laini hushindiliwa na uzito ulio juu yake, na majengo ya jirani huweza kudidimia na kupasuka kuta. Hivyo hapana budi kuyafungia maji njia kabla ya kuchimba.

Njia ya zamani ni kujaza uji wa saruji katika nafasi zilizomo baina ya chembe za udongo. Njia hiyo hufaa katika changarawe. Lakini katika mchanga laini chembe za saruji ni kubwa mno, nazo hukwama. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, wahandisi wa Japani walikuza njia nyingine, yaani kuukata udongo wenyewe kwa mchirizi wa uji huo.

Kazi huendeshwa hivi. Bomba jembamba la kuchimbia huteremshwa hadi kina kinachotakiwa. Karibu na ncha yake mna tundu lenye upana wa milimeta chache. Uji husukumwa kwa kanieneo ipatayo mara 400 ya ile ya angahewa, ukatoka tunduni kwa kasi ipitayo meta 100 kwa sekunde. Bomba huzungushwa huku likipandishwa polepole. Mchirizi huukata udongo na kuuchanganya na saruji, na ziada hupanda juu kandokando ya bomba. Mchanganyiko ukikauka huwa nguzo. Nguzo zilizopandana ubavu kwa ubavu huwa ukuta. Zikipangwa chini ya shimo lote huwa sakafu. Sakafu hiyo huwekwa kwenye kina ambacho uzito wake, pamoja na wa udongo ulioachwa juu yake, hushinda msukumo wa maji.

Hatari kubwa imo katika maungio. Tuseme nguzo zina kipenyo cha sentimeta 120, na vitovu vyake vimeachana kwa sentimeta 90. Zimepandana kwa sentimeta 30. Lakini bomba likipinda kwa asilimia 1 tu, kwenye kina cha meta 20 litakuwa limehama sentimeta 20. Nguzo mbili jirani zikipinda hivyo kwa kuachana, vitovu vitakuwa mbali kwa sentimeta 130, na pengo la sentimeta 10 litabaki wazi.

Mwaka 1856, Henry Darcy wa Ufaransa alieleza kuwa mtiririko wa maji mchangani huongezeka kadiri tofauti ya kimo cha maji inavyoongezeka. Kwa hiyo, kila shimo lizidipo kwenda chini, maji hulishambulia pengo kwa nguvu zaidi, hata yakaanza kuchukua mchanga. Mnamo Machi 3, 2009, mjini Köln, Ujerumani, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji liliporomoka kando ya shimo la reli ya chini ya ardhi, na watu wawili wakafa. Ukuta wa huko ulikuwa wa zege, si wa nguzo za namna hii. Lakini wataalamu wa mahakama walieleza kuwa kasoro katika ukuta huo ndiyo iliyoyapitisha maji na mchanga.

Ndiyo maana ukuta hujaribiwa kabla ya kuchimba. Maji ya ndani huvutwa kwa pampu, na kimo cha maji katika visima vya nje hupimwa. Maji ya nje yakishuka pamoja na ya ndani, ni dalili kwamba pana pengo. Likigunduliwa wakati huo, huzibwa kwa kuongeza nguzo. Likigunduliwa baada ya shimo kufika chini, gharama yake yaweza kuwa uhai wa watu.