Waraka wa mtandaoni: msomaji alipe au asome bure?

Kila baada ya miezi michache waandishi wenzangu wa hapa Pwani, hasa vijana, huniuliza swali moja: je, wakati umefika wa kuwatoza pesa wasomaji? Wanaouliza ni wale wenye waraka wa mtandaoni, yaani maandishi yanayotumwa kwa barua pepe kila wiki au kila mwezi kwa watu waliojiandikisha kuyapokea. Mimi pia nina waraka wa aina hiyo. Huandika juu ya ardhi, bahari na kesi za mahakamani zinazotugusa, na hadi leo hakuna msomaji aliyetoa hata ndururu. Kwa hivyo swali lao ni langu pia. Nitaeleza kwanza biashara yenyewe ilivyo, kisha niseme nimefikia wapi.

Jukwaa linalojulikana zaidi ni Substack, lililoanzishwa San Francisco mwaka 2017. Mwandishi hahitaji kujenga tovuti wala kununua chochote. Hujisajili, huandika, na wanaopenda anachoandika huacha anwani zao za barua pepe. Akitaka kutoza, bei hupanga yeye, na kwa wanaotoza kwa dola, bei ya chini ya mwezi ni dola 5. Kampuni hukata asilimia 10. Kisha yuko Stripe, anayepitisha malipo ya kadi za benki, naye huchukua asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila malipo, na kijisehemu kingine kwa kuwa malipo ni ya kujirudia. Ukijumlisha makato hayo, katika dola 5 za msomaji mwandishi hubakiwa na kama dola 4. Ukilinganisha na mwandishi wa kitabu, ambaye aghalabu hupewa asilimia 10 au karibu na hapo, mpango huu si mbaya hata kidogo.

Ubaya wake huanza unapouleta Mombasa, Kilifi au Lamu. Kwanza, Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu hufungua akaunti ya kawaida ya Stripe, na bila Stripe, Substack haikusanyi pesa kwa niaba yako. Nimewaona wanaopitishia pesa katika akaunti ya jamaa aliye Uingereza au Marekani. Siwashauri wengine wafanye hivyo. Jamaa akikasirika, au akiulizwa na watu wa kodi wa huko, waraka ni wako lakini pesa ni zake kwa jina. Pili, dola 5 ni zaidi ya shilingi 600. Kwa wasomaji wangu wengi hizo ni pakiti kadhaa za unga. Tatu, hata mwenye 600 za kutoa huenda hana kadi ya benki. Ana simu, na ndani ya simu ana M-Pesa, kama ilivyo tangu 2007.

Sasa tuhesabu. Substack yenyewe huwaambia waandishi watarajie asilimia 5 hadi 10 ya wasomaji wao wa bure wakubali kulipa. Waraka wangu huwafikia watu kama 900. Nikichukua asilimia 5 ni watu 45. Nikiwatoza bei ya Marekani sidhani nitawapata hata kumi. Nikiwaomba shilingi 100 kwa mwezi, na wakaja wote 45, ni shilingi 4,500. Hizo hazimwachishi mtu kazi. Lakini hulipa nauli ya kwenda Malindi mahakamani na kurudi, bando, na nakala za karatasi za kesi. Hiyo ndiyo gharama halisi ya waraka mmoja wa maana, na hadi sasa imekuwa ikitoka katika bajeti ya nyumbani kwangu, mahali ambapo wana haki ya kulalamika na hulalamika.

Nilipolitaja jambo hili barazani hivi karibuni, mzee mmoja aliweka kikombe chake cha kahawa chini akaniuliza, "Kwani maneno nayo yauzwa siku hizi, mwanangu?" Nilimjibu kwa adabu kwamba mwalimu wetu wa chuoni naye alipewa ada yake kila wiki, na hakuna mzazi aliyedai kuwa ameuziwa Kurani. Mzee akacheka, akasema hiyo ni hadiya, si bei. Tofauti hiyo nimeifikiria sana tangu siku ile, kwa sababu ni ya kweli. Mtoto ambaye mzazi wake hana hafukuzwi, na mwenye nacho hutoa zaidi, na somo ni moja kwa wote.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba wazee wetu waliandika kwa hewa. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, Bwana Mwengo aliutunga kwa agizo la mfalme wa Pate. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alinakili tenzi kwa mkono wake kwa wataalamu wa Kizungu waliomlipa kwa kazi hiyo, na sehemu ya urithi tunaojivunia leo imehifadhika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulipa. Siku zote kuna anayelipia kalamu, na katika kila waraka inafaa kujua huyo ni nani.

Hapa kwetu, ikiwa si msomaji, mara nyingi huwa ni mheshimiwa. Sitamtaja mtu, na hakuna haja, kila mmoja wetu anaijua bahasha inayotolewa baada ya mkutano na waandishi ili wapate "nauli". Mwandishi aliyeipokea si lazima aandike uongo. Inatosha akae kimya wiki ile ambayo wananchi wanataka kujua shamba fulani limeandikwa kwa jina la nani. Kimya hicho ndicho kinachonunuliwa, na bei yake ni ndogo kuliko ya tangazo. Kwa hivyo ninaposikia mtu akijisifu kwamba waraka wake ni wa bure kwa wote, kabla sijampongeza huwa nauliza anakula wapi.

Kufikia hapo utadhani nimeshaamua: tutoze. Kinachonizuia ni ile kesi ya Lamu.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki za wakazi zilikuwa zimekiukwa katika ujenzi wa bandari ya Lamu chini ya mradi wa LAPSSET, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ni ndefu, na imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakama. Ina mambo ambayo mvuvi anastahili kuyajua kwa undani: mahakama ilisema nini juu ya haki yake ya kuvua kwa njia za jadi, juu ya kupewa habari za mradi kabla haujaanza, juu ya mazingira ya mikoko na samaki. Baadaye yakaja mazungumzo ya namna ya kulipa, kiasi gani taslimu na kiasi gani vifaa vya uvuvi, na hapo tena mvuvi alihitaji kuelewa anachokubali.

Chukua mwandishi aliyeifafanua hukumu ile kwa Kiswahili chepesi, kisha akaiweka nyuma ya ukuta wa shilingi 600 kwa mwezi. Nani angeisoma? Wakili, mtumishi wa shirika, mtafiti wa chuo kikuu. Hao wote wanaweza kuisoma hukumu yenyewe kwa Kiingereza. Mvuvi wa Faza au Kizingitini, ambaye kwa ajili yake ufafanuzi umeandikwa, angebaki nje. Katika uandishi wa aina yetu anayeweza kulipa ndiye anayehitaji kidogo zaidi, na anayehitaji zaidi ndiye asiye na kadi. Mwandishi wa mapishi, wa mitindo, wa kandanda au wa hisa za Nairobi haimhusu sana shida hii. Yeye afunge mlango akipenda, hakuna atakayepoteza haki yake kwa kukosa kusoma.

Nina sababu nyingine ya kuogopa ukuta. Februari 2021 Nation ilipoanza kutoza baadhi ya habari zake mtandaoni, niliangalia kilichotokea katika makundi ya WhatsApp niliyomo. Watu hawakuacha kujadili habari. Walirusha kichwa cha habari peke yake, pengine na picha, na mjadala ukaendelea kwa siku mbili juu ya makala ambayo katika kundi zima hakuna aliyeisoma. Silaumu gazeti, lina mishahara ya kulipa. Nasema tu kwamba ukuta ukiwekwa, nafasi ya habari hujazwa na uvumi, na uvumi hautozi.

Basi kuna njia ya tatu? Ipo, na imejaribiwa. Mwanahistoria wa Marekani, Heather Cox Richardson, alianza mwaka 2019 kuandika barua zake kuhusu siasa za nchi yake. Barua zote ziko wazi kwa kila mtu. Anayelipa dola zake 5 kwa mwezi hupata nafasi ya kuchangia maoni chini yake, basi. Hata hivyo walipaji wake ni wengi mno, na ni miongoni mwa waandishi wenye mapato makubwa kabisa katika jukwaa lile. Gazeti la Guardian la Uingereza nalo halijafunga tovuti yake. Tangu 2016 limekuwa likiwaomba wasomaji wachangie kwa hiari, na wanachangia.

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezewa sana mpango huu. Ndio ule wa kutuza. Katika harusi, taarab huimbwa kwa wote waliohudhuria. Aliyeguswa na beti huinuka na kwenda kumtuza mwimbaji, na asiye nacho husikiliza wimbo ule ule, bila kuambiwa aondoke. Lakini tuzo ina ila yake, na tuliokulia katika harusi hizo tunaijua: anayetoa noti nyingi ndiye anayerudiwa beti, na wakati mwingine beti lenyewe ni la kumsuta jirani. Yaani mheshimiwa wetu wa bahasha anaweza kurudi kwa mlango huu, safari hii akiitwa mfadhili.

Ndiyo maana wakati wenzangu wanabishana juu ya bei ya chini, mimi nimekuja kuamini kwamba kwetu lililo muhimu zaidi ni bei ya juu. Waraka wa jamii uwe na dari. Watu 45 wa shilingi 100 hawawezi kukutana mahali wakakubaliana kuninyamazisha. Mtu mmoja wa shilingi 4,500 anaweza, tena kwa simu moja.

Kwa bahati nzuri shilingi 100 ni kiwango kizuri kwa M-Pesa pia, kwa sababu mtu akimtumia mwenzake kiasi hicho au chini yake hakatwi kitu. Ndugu zetu walioko Muscat, Dubai, London au Toronto, ambao ndio wanaoniandikia zaidi kuulizia mashamba ya wazee wao, wana uwezo wa kutoa zaidi, na wengine wameshasema wako tayari kulipia watu wa nyumbani. Nitawakubalia, ndani ya dari ile ile.

Kwa kijana anayetaka kuanza nina mambo machache ya kumwambia. Andika mwaka mzima bila kukosa siku yako kabla hujaomba pesa. Ukishapokea shilingi ya mtu, Ijumaa uliyoahidi inakuwa deni, hata kama una homa. Hifadhi nakala ya orodha ya wasomaji wako mahali pako mwenyewe. Twitter ilikuwa na jukwaa la nyaraka liitwalo Revue, ikalifunga Januari 2023, na asiyetoa orodha yake mapema alipata hasara. Casey Newton, mwandishi wa Marekani anayefuatilia teknolojia, alihama Substack mwanzoni mwa 2024 akaenda jukwaa la Ghost kwa kutoridhishwa na baadhi ya yaliyoachwa kuchapishwa pale, na aliweza kuhama kwa sababu orodha ilikuwa mkononi mwake. Orodha hiyo uilinde pia. Ina majina na nambari za watu, na wako ambao hawangependa ijulikane ofisini kwao wanasoma nini. Na kodi usiisahau: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni, na hata pale ambapo hakuna anayekuzuilia, kipato ni kipato.

Waraka wangu utaendelea kusomwa na kila mtu, wote, siku hiyo hiyo. Kuanzia mwezi ujao chini yake patakuwa na nambari ya till. Ninaomba shilingi 100 kwa mwezi, na dari ni 500. Sitapokea kutoka kwa mgombea wala mwenye cheo cha kaunti au cha serikali kuu, na kikiingia kwa bahati mbaya kitarudishwa. Mashirika yanayochukua muhtasari wangu na kuutia katika ripoti zao yatalipa bei ya kazi, kwa risiti. Kila baada ya miezi mitatu nitachapisha kilichoingia na kilivyotumika, hadi nauli.

Najua pia kwamba watakaourusha kwenye WhatsApp wataikata ile sehemu ya chini yenye nambari ya till. Waurushe tu.