Merikani Iliyofika Uvira

Sogeeni hapa, wanangu. Mtoto mmoja wa Mulongwe ameniuliza swali, na swali zuri halilazwi. Aliniuliza hivi: "Mjomba, wanasema Wazungu walituletea ustaarabu. Kwani kabla yao hatukuwa nao?"

Ubarikiwe, mwanangu, kwa kuuliza. Wapo watu wazima waliozeeka bila kuuliza swali hilo.

Ila leo sijibu mimi. Nimemwita shahidi aliyeyaona kwa macho. Ni kitambaa, na jina lake ni merikani. Haya, merikani, sema.

"Mimi ni kitambaa cha pamba, kigumu, kisichotiwa rangi. Pamba yangu ilistawi kusini mwa Marekani. Nani aliichuma? Watumwa, watu ambao mababu zao walitolewa Afrika. Nani alinifuma? Wasichana wa viwandani, huko Massachusetts. Nikapakiwa merikebuni katika bandari ya Salem, nikashushwa Unguja. Bagamoyo wapagazi wakaniweka mabegani. Nikapita Tabora, nikapita Uvinza penye chumvi, nikafika Ujiji. Ujiji nikatiwa mtumbwini, nikaletwa Uvira. Sikutolewa bure hata siku moja. Walinipima kwa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili ni doti. Kila doti ilikuwa na bei yake."

Asante, merikani. Na ulipofika Uvira, uliwakuta watu wamekaa tu, wanakungoja?

"La! Niliwakuta sokoni."

Mmesikia? Sokoni. Mwezi wa Aprili 1858 walifika Waingereza wawili, Burton na Speke, kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Waliikuta Uvira inauza vyuma vya wahunzi, nguo za magome ya miti, nafaka, na pembe za ndovu. Ng'ambo, Ujiji, watu walinunuliana samaki, mawese na chumvi kwa ushanga ulioitwa sofi. Ushanga ule ulikuwa fedha kamili. Fundi alikuwepo, soko lilikuwepo, fedha ilikuwepo.

Na watu, wanangu. Watu nao waliuzwa. Hilo siwafichi, kwa sababu mtoto anayeuliza anastahili kuambiwa yote.

Burton na Speke walitaka kujua: je, mto Ruzizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka? Wana wa mtemi wa Uvira wakawajibu pale pale kwamba unaingia. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, wasafiri Livingstone na Stanley wakaja kwa mtumbwi kutazama wenyewe. Wakakuta unaingia. Dunia ikawasifu hao wawili. Vijana wa Uvira hakuna aliyewasifu.

"Mjomba, na zile pembe za ndovu zilikwenda wapi?"

Swali tamu! Nyingi zilifika Unguja, na kutoka Unguja zikavuka bahari hadi Marekani, jimbo la Connecticut. Huko pembe ilipasuliwa vipande vyembamba, vikabandikwa juu ya vitufe vya piano. Siku zile, nyumba yenye piano sebuleni ilihesabiwa kuwa nyumba ya waungwana. Binti alikaa akapiga nyimbo, wageni wakasema: hawa ni watu wastaarabu. Kumbe chini ya vidole vyake kulikuwa na ndovu wa huku kwetu, na jasho la mpagazi aliyeibeba pembe ile miezi na miezi.

"Mjomba, biashara ya namna hiyo wengine wanaiita ubepari. Ubepari ni nini?"

Nenda Kalundu asubuhi, mitumbwi inaporudi. Mwenye fedha amenunua mtumbwi, nyavu na taa. Wavuvi wametoka nao usiku. Ndakala zinauzwa, na mwenye mtumbwi anachukua fungu lake, hata kama yeye alilala. Hapo hakuna uchawi, kwa sababu chombo kina gharama yake. Ila ngoja. Faida ile ananunulia mtumbwi wa pili. Faida ya wa pili inaleta wa tatu. Mali inatumwa ikalete mali, ikirudi inatumwa tena. Siku moja mwenye mali anaona ziwa halimtoshi, na wavuvi anawaona ghali. Mali ya namna hiyo, isiyojua kusema basi, ndiyo chanzo cha habari yetu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika karne ya 18, kule Uskoti, walikuwepo wasomi waliopanga wanadamu wote kwa hatua nne. Mmoja wao ni Adam Smith, mwalimu wa Glasgow. Chini kabisa waliwaweka wawindaji. Juu yao wafugaji. Juu yao wakulima. Na juu kabisa? Wafanyabiashara. Glasgow ilikuwa mji wa nini? Wa wafanyabiashara!

Mimi mpango huo siukubali. Mtu wa ziwani anavua usiku, analima asubuhi, na siku ya soko anauza. Utamweka hatua ya ngapi? Lakini mpango huo ulikuwa na nguvu kubwa, wanangu. Ukishamweka mtu hatua ya chini, unaweza kumwita mtoto. Ukishamwita mtoto, unaweza kumwambia: nipe mkono nikupandishe. Na mkono wake ukishaushika, kila alichobeba kiko karibu nawe.

Livingstone naye alikuwa Mskoti. Alipokuwa na miaka 10 tu aliingizwa kazini katika kiwanda cha pamba, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Alikuwa rika lenu. Alipokua, alihubiri kwamba biashara na Ukristo vikiingia Afrika pamoja, utumwa utakoma. Naamini alisema kwa moyo safi. Lakini maneno yake yalisikiwa na watu wa kila aina.

Mmoja ni Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1876 aliwaita wasafiri na wasomi Brussels, akawaambia kwamba kuleta ustaarabu katikati ya Afrika ni kazi tukufu. Mwaka 1885 Kongo nzima ikawa yake, na hakuikanyaga hata mara moja maishani. Fikirieni mgeni anayeingia uani kwenu na kusema: ua huu mchafu, nitawafagilia. Uchafu upo kweli. Biashara ya watumwa ilikuwepo, na majeshi ya Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, yaliitesa pwani hii ya kaskazini. Mgeni anafagia. Jioni ua umefagiliwa, ila kuku wote hawapo, na ninyi mmeambiwa muanze kumfanyia kazi.

Ilijulikanaje kwamba kuku wamekwenda? Kijana mmoja karani wa kampuni ya meli, Edmund Morel, alitumwa bandari ya Antwerp. Akatazama mizigo. Meli kutoka Kongo zilishusha mpira na pembe, mali nyingi sana. Meli za kwenda Kongo zilipakia nini? Bunduki na risasi, na bidhaa kidogo mno. Morel akajiuliza swali ambalo hata ninyi mngejiuliza: kama ni biashara, malipo yako wapi? Akaelewa kwamba hapakuwa na malipo. Watu walilazimishwa kugema mpira kwa mtutu wa bunduki, wengine wakakatwa mikono. Swali la karani lilisaidia kumnyang'anya mfalme Kongo yake. Mwaka 1908 ikapewa nchi ya Ubelgiji.

"Basi shida ikaisha, mjomba?"

Haikuisha. Pamba ikarudi, safari hii ikiwa mbegu. Tangu 1910 kodi ilitozwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa Mzungu. Mwaka 1917 serikali ikaruhusiwa kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 1942, siku zikafika 120. Katika bonde la Ruzizi zao lenyewe lilikuwa pamba. Mkulima aliipanda, akaipalilia, akaichuma, akaitenga nyeupe na yenye madoa, akaibeba hadi kwenye mizani. Mnunuzi alikuwa kampuni moja, na bei ilikuwa imekwisha kupangwa. Asiyelima alingoja faini au jela. Na mnajua serikali ililiitaje shamba hilo? Shamba la mafunzo! Eti mkulima anafundishwa. Wazee wetu walikuwa wakilima bonde lile tangu zamani, na bado wakaitwa wanafunzi.

Kisha wakoloni wakahitaji makarani na mafundi, watu wa kuvaa suti na kununua baiskeli. Mwaka 1948 wakaleta kadi ya raia mwema, na mwaka 1952 uandikishaji wa juu zaidi. Mwombaji alitembelewa nyumbani. Walikagua choo na jiko. Walitazama kama mke anakula mezani na mumewe, na kama uma upo. Patrice Lumumba, karani wa posta wa Stanleyville, alikataliwa kwanza, akakubaliwa 1954.

Mmeona? Walipotaka pembe, mstaarabu alikuwa mtu anayefungua njia ya biashara. Walipotaka mpira na pamba, mstaarabu akawa mtu anayetii kazi. Walipotaka makarani, akawa mtu wa uma na suti. Biashara ikigeuka, kipimo kinageuka nayo, na anayepimwa ni sisi siku zote. Mwenye mizani hajawahi kupanda juu yake.

Sasa nawapa kazi. Wapo bado wazee wa Sange na Luvungi waliobeba vikapu vya pamba utotoni. Waulizeni nani alisoma mizani, nani alitangaza bei, na kodi ikishalipwa zilibaki franga ngapi za chumvi na sabuni. Andikeni majibu daftarini, kwa jina la kijiji na mwaka wanaoukumbuka. Msingoje likizo. Nendeni Jumamosi hii.