Laptopu ya Linux: kabla ya kununua klavye mpya, tafuta kwanza ugonjwa uko wapi

Ukibonyeza A na kioo kikaandika Q, au M ikatoa nukta-mkato, ni rahisi kudhani klavye imekufa na kukimbilia kwa fundi. Lakini kwenye laptopu inayotumia Linux, mara nyingi klavye ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni chaguo moja ndani ya mfumo, na kulirekebisha hakugharimu hata franki moja.

Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi, laptopu nyingi zinazouzwa zimeshatumika kwingine: Ulaya, Marekani au Dubai. Kila moja hufika na klavye ya nchi ilikotoka. Ile ya Marekani ni QWERTY, ile ya Ujerumani ni QWERTZ, ile ya Ufaransa au Ubelgiji ni AZERTY, ambayo wanafunzi na wafanyakazi wa ofisi nchini Kongo wameizoea.

Linux haisomi herufi zilizochapwa juu ya vitufe. Klavye hutuma namba ya kitufe tu, kisha mfumo huamua ni herufi gani, kwa kufuata lugha ya klavye iliyochaguliwa siku ya kuuweka. Aliyeweka Ubuntu akiacha chaguo la Kiingereza cha Marekani kwenye mashini ya AZERTY ataona A na Q zimebadilishana, vivyo hivyo Z na W.

Dawa yake ni fupi. Kwenye Ubuntu yenye menyu za Kifaransa, fungua Paramètres, kisha Clavier, kisha Sources de saisie. Ongeza klavye inayolingana na vitufe vyako, halafu ondoa zile usizozihitaji. Kuziondoa kuna maana: kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na kile cha nafasi, mfumo huhamia klavye nyingine bila kuuliza. Wengi hufanya hivyo bila kujua, wakashangaa herufi zimegeuka katikati ya kazi.

Ya Ubelgiji si ya Ufaransa

Kuna kosa linalojificha zaidi. Herufi zote zinatoka sawasawa, lakini alama ya @ haipatikani, na bila hiyo huwezi kuandika anwani ya barua pepe. Kwenye AZERTY ya Ufaransa, @ hutoka kwa AltGr na kitufe cha 0. Kwenye ile ya Ubelgiji, hutoka kwa AltGr na kitufe cha 2.

Ili kuzitofautisha, tazama kitufe cha 6. Kikiwa na alama ya §, klavye ni ya Ubelgiji. Kikiwa na kistari, ni ya Ufaransa. Linux ina hata chaguo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: ni AZERTY iliyoongezewa herufi kama ɛ na ɔ za Kilingala, pamoja na alama za toni zinazohitajika katika lugha zetu kadhaa.

Neno la siri linalokataliwa

Hapa ndipo hasara inapoweza kuwa kubwa. Mtu aliweka neno la siri akiwa na klavye moja, leo ukurasa wa kuingilia unatumia nyingine. Anaandika neno lilelile, mfumo unalikataa. Akikata tamaa na kuagiza mfumo uwekwe upya, kazi yake ya mwisho wa masomo au hesabu za duka zinaweza kufutwa pamoja nao.

Kabla ya hapo, angalia pembeni ya juu ya ukurasa huo: herufi kama fr, be au en huonyesha klavye inayotumika, na inawezekana kuibadilisha hapohapo. Ubuntu za miaka ya karibuni zina pia alama ya jicho karibu na sehemu ya neno la siri. Ibonyeze, uone kile unachoandika kweli.

Vitufe visivyojibu

Ikiwa baadhi ya herufi zinatoa namba, kwa mfano J inatoa 1 na K inatoa 2, Num Lock imewashwa. Kwenye laptopu ndogo huzimwa kwa Fn pamoja na kitufe hicho. Ikiwa kila herufi inachelewa hadi ushikilie kitufe, tazama sehemu ya Accessibilité: huenda chaguo la Touches lentes limewashwa.

Klavye yote ikinyamaza, zima mashini, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa tena. Ukiwasha, ingia kwenye BIOS, yaani ukurasa unaotangulia mfumo. Mashini nyingi hutumia F2, F10 au Esc. Vitufe vikifanya kazi huko na kukataa ndani ya Linux, tatizo ni la mfumo. Vikikataa hata huko, shaka inaelekea kwenye klavye yenyewe au waya wake.

Njia nyingine ni kuazima klavye ya USB na kuweka programu ya evtest. Bonyeza kitufe chenye shaka: kisipotoa mstari wowote, ishara yake haifiki. Usishtuke evtest ikiita A ya AZERTY kwa jina KEY_Q, kwani yenyewe hufuata mahali pa kitufe kwenye klavye ya Marekani.

Klavye inayokufa baada ya mashini kulala inaweza kuponywa na neno i8042.reset. Kwenye menyu ya GRUB, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, acha nafasi, liandike, kisha bonyeza F10. Jaribio hilo hudumu hadi mashini izimwe. GRUB kwa kawaida hutumia QWERTY: mwenye AZERTY atapata namba bila Shift, na nukta kwenye kitufe cha nukta-pacha.

Pale fundi anapohitajika

Maji, chai au soda vikimwagika, zima mara moja, chomoa chaja, usijaribu kuwasha. Hapo fundi ni wa lazima. Vilevile kwa kitufe kilichovunjika au safu nzima isiyotoa ishara.

Wakati wa kusubiri kipuri, klavye ya USB inatosha kuendelea na kazi, au Clavier visuel iliyo ndani ya Accessibilité, inayoandika kwa kubofya herufi kwenye kioo. Na ukifika kwa fundi, mwambie ulichokiona kwenye BIOS. Anayejua kwamba vitufe vilijibu huko hatauziwa klavye asiyoihitaji.